Dawa ya Karavani ya Mama Furaha

Chekeni, ila msimwambie mke wangu. Mama Furaha, fundi cherehani Mkongo wa hapa Rosettenville, alitafuta mtu wa kupitisha dawa kwenye mabomba ya karavani yake, ile nyumba ya magurudumu anamoshonea, maji yasigande na kuyapasua baridi hii. Nikajipiga kifua: "Mama, kazi hiyo naijua sana." Sikuijua hata kidogo.

Nikafungua koki zote, hata ya shawa bafuni, niliyoifungua kwa kupenyeza mkono tu mlangoni bila kuchungulia ndani. Nikapampu dawa ya rangi ya waridi. Jikoni halikutoka tone. Nikapampu kwa hasira zaidi.

Mama Furaha akaingia na mteja wake, bibi harusi, wakaenda moja kwa moja kuchukua gauni lililotundikwa chini ya shawa.

"Eish, kaka," bibi harusi akaniita, "gauni langu si lilikuwa jeupe?"