Maneno Mia Tatu na Themanini ya Fundi Saa

Shaka ya kwanza ilimwingia Mwalimu kwa sababu maneno yalikuwa nadhifu mno.

Jina hilo la Mwalimu lilimganda tangu enzi za chaki, miaka kumi na mmoja ya kufundisha sekondari, kabla hajaomba ruhusa kazini aende kusomea shahada ya uzamili ya isimu. Sasa alikuwa na miaka thelathini na tisa, mwanafunzi tena, anakaa benchi moja na vijana ambao wangeweza kumwita shangazi. Tasnifu yake ilihusu lugha ndogo iliyokuwa inafifia, na hasa jinsi majina yake yanavyogeuka kutoka umoja kwenda wingi. Profesa, msimamizi wake, alimwambia mjini kulikuwa na msemaji mmoja tu aliyebaki: fundi saa wa miaka sabini na moja.

Fundi alikuwa na kibanda chini ya ngazi za jengo la ofisi. Mbele palikuwa na meza ya kioo yenye saa zilizofunguliwa matumbo, nyuma pazia la kijani, na nyuma ya pazia stuli na makorokoro yake. Kila Jumanne na Alhamisi Mwalimu alitega kinasa sauti kati ya bisibisi ndogondogo, akauliza, naye mzee akajibu huku lenzi imemkaa jichoni.

"Ukope?"

"Losebe."

"Zikiwa nyingi?"

"Masebe."

Ikawa hivyo miezi mitano, mpaka maneno yakafika mia tatu na themanini. Kila jina lilikuwa na lo- kwenye umoja, ma- kwenye wingi, hakuna hata moja lililoasi. Mwalimu akatazama orodha ile, badala ya kufurahi akaipitia upya toka mwanzo. Kiswahili chenyewe kina ukuta na kuta, uso na nyuso, jino na meno. Lugha iliyopita vinywani mwa watu haikosi makunyanzi. Hii ilikuwa kama shuka iliyotoka kupigwa pasi.

Mtu akishaanza kushuku, hata kikohozi kinakuwa ushahidi. Akakumbuka kwamba mzee, kila akiulizwa neno gumu, alikuwa na haja ya kwenda nyuma ya pazia. "Ngoja nitafute miwani," angesema, na kurudi bila miwani lakini na jibu. Akaamua kumrudia. Alichagua maneno arobaini ya miezi ya mwanzo, akayachanganya, akayauliza upya. Mzee akaenda nyuma ya pazia mara kumi na mbili. Majibu yote arobaini yakalingana na ya kwanza, herufi kwa herufi.

Nyumbani akamsimulia mume wake, dereva wa gari la wagonjwa.

"Kwa hiyo amepata arobaini kwa arobaini, na wewe umekasirika?" mume akauliza.

"Hakuna mtu anayekumbuka lugha yake hivyo. Mtu wa kweli angesema, 'au wengine wanaita hivi', angebishana na mimi, angebadilisha kidogo."

"Mke wangu, zamani ulikuwa unanishuku mimi tu. Sasa umehamia kwa wazee wa watu."

Mume akacheka peke yake. Kesho yake Mwalimu alikwenda maktaba, akatafuta makala ambayo Profesa aliiandika miaka kumi na mitano nyuma kuhusu lugha ileile. Maneno ya mfano yalikuwa sitini. Mtoa taarifa aliyeshukuriwa mwishoni alikuwa mmoja: fundi saa. Mwalimu akabaki ameshika kurasa zile kama aliyeokota simu ya mtu inayoita. Je, Profesa naye alidanganywa? Au alijua, akanyamaza, kisha akamtuma yeye kwenye kisima kilekile?

Akaenda kumwona ofisini, akazungukazunguka. "Profesa, uliwahi kuhakikisha data za mzee kwa msemaji mwingine?"

Profesa alikuwa anasahihisha, kalamu yake nyekundu haikusimama. "Msemaji mwingine yupi? Ndiyo maana tunamwita wa mwisho. Wewe rekodi tu."

Jibu lilikuwa sahihi kabisa, na ndilo lililomzidishia wasiwasi.

Alhamisi iliyofuata Mwalimu akatega mtego. Alibuni neno kichwani akiwa njiani, akafika, akamwamkia mzee, akawasha kinasa sauti na kusema kwa sauti ya kawaida, "Babu, juzi ulinipa neno lofunje, ukasema ni kivuli. Nataka kuhakikisha tu."

Mzee akaweka kibanio chini. Akaangalia pazia, akaona atachelewa. "Ndiyo. Lofunje. Vikiwa vingi, mafunje."

Palepale Mwalimu akaona aibu, kana kwamba ni yeye aliyeiba. "Babu, hilo neno hukunipa wewe. Nimelitunga mimi asubuhi hii."

Mzee akavua lenzi. Bila lenzi jicho lake lilionekana dogo na lenye machozi, jicho la mtu aliyechoka. "Kumbe umenitega, Mwalimu."

"Nisamehe. Lakini nimekutega kwa sababu."

Mteja mmoja alikuja kuulizia saa yake, mzee akamwambia arudi baadaye. Akainuka, akaenda nyuma ya pazia, akarudi na daftari lenye gamba lililochanika. Ndani kulikuwa na maneno yote, kwa mwandiko mdogo wa mtu aliyezoea kazi za vitu vidogo. Kila alichomwambia Mwalimu mchana alikiandika jioni, asije akajikanyaga.

Akamweleza. Aliondoka kwao akiwa na miaka tisa, mjomba alimchukua kumleta mjini, na huko hakupata wa kuzungumza naye. Lugha ikamtoka taratibu. Kisha siku moja Profesa, wakati huo bado kijana, akaja kutengeneza saa, wakaulizana kwao wapi, na wiki ile ile akarudi na kalamu.

"Alinitambulisha kwa wageni wake. Akasema, huyu ndiye hazina yetu. Mwalimu, mimi tangu nizaliwe naitwa 'we fundi'. Nikampa maneno niliyokumbuka. Yalipokwisha, nikaona haya kumwambia yamekwisha."

"Profesa alijua?"

Mzee akakuna kidevu. "Hakuniuliza. Mtu mwenye haraka ya kula haulizi mpishi."

"Kuna mtu mwingine anayeijua?"

Hapo mzee akakunja uso, akachukua saa ya mtu akaanza kuifuta ingawa ilikuwa safi. Akiendelea kuifuta akataja kwamba alikuwa na dada yake mkubwa, anaishi kwa binti yake upande wa pili wa mji. Hawakuwa na ugomvi. Ila dada alikuwa anamsalimia kwa lugha ya mama yao, yeye akajibu kwa Kiswahili, na siku moja dada akamwambia mbele ya watu, "Wewe umekuwa mgeni." Tangu siku hiyo hakukanyaga kwake.

Dada huyo, bibi wa miaka sabini na tisa, alimpokea Mwalimu mlangoni bila kumkaribisha. "Na wewe unataka nini na maneno yetu?"

"Shikamoo, Bibi. Nasoma chuo. Nataka kujua yapi ya kweli."

"Marahaba. Na ukishajua, utayauza?"

Ilichukua ziara tatu mpaka akubali kusikiliza rekodi. Alisikiliza ameinamisha kichwa, mkono sikioni. Losebe akaitikia. Lililofuata akacheka. Lililofuata akasonya: "Huyu amejitungia." Katika mia tatu na themanini, hamsini na matatu yalikuwa ya kweli. Na kati ya hayo lilikuwemo moja ambalo Mwalimu mwenyewe alilikata kwa wino, akiamini ndilo bandia kuliko yote: kitenzi pilipita, yaani kugeukageuka kitandani kwa kukosa usingizi. Lilisikika kama mchezo wa watoto.

"Hilo ndilo lenyewe," Bibi akasema. "Mama alikuwa akitufokea, acheni kupilipita, laleni! Nani alikuambia ulikate?"

Mwalimu akakosa pa kuuweka uso. Shaka yake ilikuwa imekata vibaya kwa upande wa pili. Na wingi wa Bibi haukuwa na adabu hata kidogo: mara ma-, mara kitu kingine kabisa, mara neno lisilobadilika. Mwalimu aliporudi nyumbani siku hiyo, mume wake alimkuta anaimba akiosha vyombo.

Alipompelekea Profesa ukweli wote, Profesa alinyoosha rundo la karatasi ambalo halikuwa limepinda. "Kumbukumbu za wazee zina mambo yake," akasema. "Anza upya, nitakuombea mwaka mmoja zaidi. Lakini makala yangu tuiache, haihusiani."

Mwalimu akaanza upya, kwa Bibi. Hakuiacha makala. Aliandika tanbihi ya sentensi mbili: kwamba data za awali kuhusu lugha hiyo zitumike kwa tahadhari, na kwa nini. Rasimu ikarudi na tanbihi imepigwa mstari mwekundu. Akairudisha. Ikapigwa tena. Mara ya tatu aliipeleka na barua fupi ya heshima, na mara hiyo ikarudi ina sahihi tu.

Fundi naye alikwenda kwa dada yake, Jumamosi moja, amevaa shati jeupe, Mwalimu akiwa amekaa pale na kinasa sauti. Dada akamsalimia kwa lugha ya mama yao. Fundi akajibu, akakosea. Dada akamsahihisha. Akajibu tena, akakosea kidogo. Wakaendelea hivyo mpaka chai ikapoa. Tangu siku hiyo kila Jumamosi kibanda chini ya ngazi hufungwa saa sita.

Tasnifu ilipita, ikiwa na masahihisho. Siku ya mahafali, katika msongamano wa majoho na picha, Mwalimu alimpata Profesa pembeni akamuuliza waziwazi, "Profesa, ulikuwa unajua?"

Profesa akamshika mkono kwa mikono miwili, akampongeza sana, akasema chuo kinajivunia watu kama yeye. Kisha akageuka haraka kumwitikia mtu aliyemwita. Mwalimu akatazama upande ule kwa makini. Hapakuwa na mtu aliyemwita.