Gari Langu la Kiti Kimoja

Mume wangu alipofariki, watu wa kanisa walinishika mkono vizuri. Walipika, wakasali, wakakaa nami. Mwaka ulipopita wakaanza kunipangia maisha. Mjane wa miaka hamsini na minne atulie, walisema. Nilikuwa nikitunza wazee majumbani mwao hapa Edmonton, kaskazini mwa London, na zamu ikiisha nilirudi kwangu kutulia. Nilitulia mpaka nikaogopa.

Mzee mmoja niliyekuwa nikimwogesha alikuwa na picha ukutani: gari la mbio la zamani, kiti kimoja, magurudumu nje ya bodi, mkia umechongoka. Alikuwa ameliendesha ujanani. Kila asubuhi nilimwuliza jambo moja juu yake, naye akanijibu huku nikimfunga vifungo vya shati. Siku moja nikamwambia, "Nitaunda la kwangu." Hakucheka. Akaniuliza nina injini gani.

Sikuwa nayo. Niliipata kwenye uwanja wa vyuma chakavu, ndani ya gari dogo lililogongwa nyuma. Chasisi ilitoka kwenye gari la mizigo lililooza mabati lakini mifupa yake ikabaki mizima. Kila Jumamosi nilikwenda chuoni kujifunza kuchomelea, nikarudi kwenye gereji niliyokodi nyuma ya magorofa yetu, nikakata na kuunga.

Bodi ndiyo iliyonishinda. Kila bamba la alumini nililoligonga lilipasuka. Mwenye duka la vifaa karibu na stesheni ya Rayners Lane akanielekeza kwa baba yake, Mhindi mzaliwa wa Kisumu aliyewahi kunyoosha bodi za mabasi. Alikuja kwa treni, nyundo zake amezifunga kwenye taulo. Akanitazama nikifanya kazi.

"Mama, unalipiga kama umelikasirikia."

"Nimekasirika kweli, fundi."

"Basi kasirika pole pole."

Akanionyesha. Unapaka bamba sabuni, unalipasha moto hadi sabuni igeuke nyeusi, unaliacha lipoe. Hapo alumini inalainika, unaigonga juu ya mfuko wa mchanga nayo inakutii. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka, kwa hiyo yeye alisema na mimi nikagonga. Mkia ulinichukua majira yote ya baridi.

Dada yangu mkubwa alikuja kutoka Woolwich Jumapili moja, bado amevaa nguo za kanisani. Hakuingia ndani ya gereji.

"Mdogo wangu, watu wanauliza kama uko sawa."

"Waambie waje waniulize mimi."

"Shemeji angekuwa hai ungefanya haya?"

"Angekuwa hai ningempa upande mmoja wa bamba ashike."

Aliondoka bila kuniaga. Iliniuma, sikatai. Nilichukua nyundo nikaendelea.

Kisha ikaja barua kutoka ofisi ya halmashauri inayosimamia nyumba zetu. Jirani alikuwa amelalamika kwamba nimejaza takataka, na gereji zile ni za kuegesha magari tu. Nilikwenda ofisini na sare yangu ya kazi. Msichana wa kaunta alikuwa na adabu, lakini hakulegea.

"Kile si gari, mama. Ni vyuma."

"Njooni baada ya mwezi mkakague."

Akaandika Alhamisi moja ya mwezi uliofuata. Nilitoka pale nikihesabu siku, maana gari halikuwa na breki wala usukani.

Mimi na fundi tulifanya kazi kila siku niliyopata nafasi. Jumatano, kila kitu kikiwa mahali pake, betri ikakataa. Niling'oa ya gari langu la kwendea kazini nikaipachika, na Alhamisi asubuhi nikawafikia wazee wangu kwa basi. Mchana mkaguzi alikuja na karatasi zake. Niliingia kitini nikawasha. Mara ya kwanza kimya, mara ya pili kikohozi, mara ya tatu madirisha ya ghorofa nzima yakafunguka. Nikaliendesha hadi kwenye mapipa ya taka, nikageuza, nikarudi mbele ya viatu vyake.

"Ni gari," alisema, akaandika. "Lina kelele mno."

"Ndivyo yalivyo, bwana."

Majira ya kuchipua tulilipeleka kwenye mbio za uwanja wa nyasi nje ya jiji. Wakaguzi walinirudisha kwa sababu ya bolti ya mkanda wa kiti. Nikaibadilisha palepale, nikarudi mstarini. Nilimaliza wa pili kutoka mwisho, na wa mwisho alikuwa amevunjikiwa ekseli. Nilishuka na matope hadi kwenye meno.

Dada yangu alikuwa amesimama kwenye kamba, viatu vyake vizuri vimezama kwenye udongo. Sikujua kama angekuja. Fundi ndiye aliyempigia simu.

"Wamekushinda wote," alisema.

"Nimemaliza."

"Nimekuona." Akalizunguka gari, akapitisha kiganja juu ya mkia. "Huu umeupiga wewe?"

"Mimi."

Akampa fundi mkoba wake, akakunja gauni, akajipenyeza kitini kwa shida, akashika usukani kwa mikono miwili. Tulimwambia zamu yetu imekwisha na wenye lori wanasubiri kulipakia gari. Akasema watasubiri.