Kaka wa Haitham Alikufa, Wallahi

Enzi zetu katuni ilikuwa na wakati wake, baada ya Alasiri na kabla ya Magharibi, na ukiikosa umeikosa. Hakuna cha kurudisha nyuma, hakuna cha kutafuta kwenye simu. Ukitaka kujua kilichotokea ulikwenda kwa mwenzako aliyeona, akakuhadithia, na ni juu yako kumwamini au kutomwamini. Wanangu nikiwaambia haya wananitazama kwa huruma, utadhani nimewaambia tulilala mapangoni. Wao wakibanwa na mkojo huisimamisha katuni, huenda zao chooni, na wakirudi wanaikuta inawangoja. Sisi tulijibana mpaka mwisho.

Nyumba yetu ilikuwa Wattaya, mtaa wa Maskati, nyuma ya maduka ya magari, na familia ya Ami yangu ikikaa ghorofa ya juu. Sebuleni mlikuwa na televisheni yenye mgongo mkubwa, imefunikwa kitambaa alichokifuma Mama mwenyewe, na hakikufunuliwa mpaka tusali kwanza. Tukishasali tulijipanga juu ya zulia, watoto wa chini na wa juu pamoja, AC ikinguruma, nje jua bado linachoma. Mama alileta mkate wa kumimina na chai ya maziwa ndani ya chupa, akatuonya tusimwage, nasi tukamwaga.

Katuni zenyewe zilitoka Japani, lakini zilitufikia zikisema Kiarabu fasaha, kile cha vitabuni, ambacho Maskati nzima hakikuzungumzwa na mtu ila walimu wa skuli wakikasirika. Nyumbani lugha ilikuwa Kiswahili cha Unguja walichokuja nacho wazee, barabarani Kiarabu cha Oman, na tulipogombana tuligombana kwa Kiarabu cha katuni, tukiitana waovu na makhaini. Alama nzuri nilizokuwa nikipata za insha nilipewa na katuni, mwalimu hana sifa yoyote hapo.

Katuni tuliyoipenda kupita zote ilikuwa ya mtoto aitwaye Haitham. Hakuwa na baba wala mama, alikaa na kaka yake mkubwa, rubani wa ndege ndogo ya kupeleka barua milimani. Kaka akiruka asubuhi, Haitham alibaki kumngoja uwanjani na taa mkononi. Tulimpenda kaka yule mpaka tukamwonea wivu Haitham. Nasra, binti Ami, aliyekuwa na miaka kumi na moja kama mimi, alikwishaamua kuwa akikua ataolewa na rubani, basi, hataki posa nyengine.

Siku moja jamaa wote walikwenda harusini Nizwa, mimi nikabaki nyumbani na Mama, nina matubwitubwi. Mashavu yamevimba, homa imepanda, Mama yuko jikoni ananipikia uji. Nikafungua televisheni. Siku hiyo ndege ikaanguka. Haitham akakimbia kwenye theluji, akamkuta kaka yake amelala ubavu. Kaka akavua skafu yake, akamzungushia mdogo wake shingoni, akamwambia asimngoje tena. Kisha akafumba macho. Wanakijiji wakamzika pale pale chini ya mlima. Nililia mpaka mashavu yakaniuma zaidi, na Mama alipokuja na uji akadhani ni ugonjwa.

Jamaa waliporudi na halwa yao nilimrukia Nasra mlangoni kumpa habari. Akakataa kata kata. Akasema katuni hawafi, na kusema haki alikuwa na hoja, maana katika katuni zile mtu hafi, husafiri. Kesho yake tukakaa kutazama. Haitham akatokea na skafu shingoni, na sauti ya msimulizi ikasema kaka yake amepata kazi nchi ya mbali. Nasra akanigeukia.

"Si unaona? Kasafiri."

"Wallahi l-adhim kafa. Nimemwona kwa macho yangu haya, na wamemzika."

Mama alikuwa mlangoni. Sasa ndugu msomaji, lazima umjue Mama. Alikuwa akisomesha Kurani watoto wa mtaani sebuleni kwetu, kila siku baada ya Magharibi, na makosa mengi aliyasamehe kwa kicheko. Lakini kiapo hakikuwa na kicheko. Jina la Mungu kwake lilikuwa halitolewi mfukoni ovyo ovyo.

"Umeapa?" akaniuliza.

"Nimeapa, Mama. Lakini ni kweli."

"Haya. Katuni zao hizi hurudiwa. Ikirudiwa tutatazama sote, na mimi nitakaa nitazame. Ukiwa mkweli, atakayekusumbua atanijua mimi. Ukiwa umeapa uongo, una kafara."

Ikarudiwa mwaka uliofuata. Miezi yote hiyo nilingoja kwa furaha, maana mkweli hana hofu. Siku ya siku ilipofika Mama akaketi kwenye kiti, akavaa na miwani. Ndege ikaruka. Mawingu yakapita. Nikasema, "Sasa hivi, tazameni." Ikaja nyimbo, na baada ya nyimbo Haitham huyo, kavaa skafu. Hakuna theluji, hakuna kaburi, hakuna kitu. Nasra hata hakucheka. Alinitazama tu, na ningependa zaidi acheke.

Mama akavua miwani. "Homa ilikuwa kali siku ile," akasema kwa upole, "na homa haina lawama. Lakini nilipokuuliza, hukusema huna hakika. Ukaapa."

Kafara ya kiapo ni kulisha masikini kumi, na asiye na uwezo hufunga siku tatu. Mimi uwezo wangu ulikuwa riyali moja ya sikukuu. Baba alijaribu kunitetea, akasema mtoto hajabaleghe, hana kafara. Mama akamjibu kwamba anayejua kuapa anajua na kufunga. Basi nikafunga siku tatu, mwezi wa tisa, joto la Maskati lile ambalo ukishika mlango wa gari unaungua, na skuli nakwenda, na mpira wanacheza mbele yangu. Jioni Mama mwenyewe alinifungulisha kwa tende na uji wa pilipili manga, akanipapasa kichwa. Hakuwa mkali hata kidogo, na ndiyo maana nikaamini kuwa yeye ndiye mwenye haki.

Watoto wa Ami wakanipa jina la Abu Wallahi. Nikisema nimeona nyoka, "Abu Wallahi keshaona nyoka." Nikisema mwalimu haji kesho, wanafungasha mabuku yao na kwenda skuli vile vile. Jina lilichakaa baada ya miaka miwili mitatu, majina huchakaa. Kilichonibakia ni kibaya zaidi. Nilianza kuona kuwa macho yangu si ya kutegemewa. Nikikumbuka theluji ile na skafu ile, waziwazi kabisa, najiambia hiyo ni homa, bwana. Na kama lile lilikuwa homa, mangapi mengine? Nikawa mtu wa "nadhani" na "kama sikosei". Siku niliyooa, kadhi ananiozesha, ilibakia kidogo niseme nadhani nimekubali. Mke wangu hajui mpaka leo kwa nini nilikohoa.

Kanda za video za Haitham zilipofika madukani Ruwi nilikuwa kijana wa sekondari, na sikumwambia mtu. Nilizikodi moja moja, nikazitazama peke yangu mlango nimefunga. Zilikuwa ni ile ile ya televisheni, wameirekodi tu, mpaka nembo ya stesheni ilikuwepo pembeni. Ndege ikaruka, nyimbo ikaimbwa, kaka akasafiri. Nikairudisha kanda na nikasema moyoni, yamekwisha, muongo ni mimi.

Miaka ikapita. Nikafanya kazi, nikapata watoto. Nasra akawa karani wa benki huko huko Ruwi, na rubani hakumpata, aliolewa na mwalimu wa hesabu mwenye khofu ya kupanda ndege. Mchana mmoja akanipigia simu ofisini.

"Khalfan, njoo kwangu. Usiniulize, njoo tu."

Nikamkuta kakaa chini mbele ya televisheni, na kasha la diski mapajani. Alikuwa amewanunulia watoto wake. Zilikuwa diski mpya, zilizotolewa kutoka kanda za asili za Kijapani, na maneno ya Kiarabu yameandikwa chini. Akaniambia, "Kaa. Kwanza utazame nilivyotazama mimi." Tukatazama, na ya Allah, mambo tuliyofichwa! Wale wazee wa kijiji waliokuwa wakinywa sharbati kila jioni na kuimba, kumbe ilikuwa ulevi, ndiyo maana wakianguka. Yule msichana tuliyeambiwa ni binamu wa kaka, aliyekuwa akimletea chakula uwanjani, kumbe binamu wa wapi, mchumba wake. Kila kipande kilikuwa na dakika tatu nne ambazo sisi hatukuziona. Nasra alikuwa akicheka huku anafuta macho, nikashindwa kumwelewa.

Kisha ndege ikaanguka.

Theluji ile. Kaka kalala ubavu. Skafu ilikuwa ya kijani, nami miaka yote niliiona nyekundu, lakini televisheni yetu ile ya mgongo haikuwahi kuionyesha rangi yoyote kwa uaminifu. Akamzungushia mdogo wake shingoni, akamwambia asimngoje. Akafumba macho. Wakamzika chini ya mlima. Nahisi mara ile ya kwanza mkataji wa stesheni, yule wa kuondoa yasiyotufaa, alisahau mkasi wake, na mara ya pili akaukumbuka. Hivyo tu. Mtu mmoja kasahau mkasi, na mtoto mmoja wa matubwitubwi ndiye aliyekuwa macho.

"Nisamehe, Khalfan," Nasra akasema. "Mimi ndiye niliyelianzisha lile jina."

Sikuwa na hasira, Alhamdulillahi, sikuwa nayo hata chembe. Niliona wepesi, kama mtu aliyevua kiatu kilichombana toka asubuhi. Sikuwa muongo. Sikuota. Macho yangu yalikuwa mazima siku zote. Nikaomba kuitazama tena, na mara ya tatu nikamwambia Nasra tuondoke, tumpelekee Mama.

Mama wakati huo alikuwa amebaki peke yake Wattaya, Baba ameshafariki, magoti yanamsumbua. Tulimkalisha kwenye kiti. Akatafuta miwani, akatazama mpaka mwisho. Kisha akasema, "Hebu rudisha." Nikarudisha. Akatazama tena.

"Siku tatu nilikufungisha," akasema. "Na jua lile. Nnakumbuka midomo yako ilivyopasuka. Nisamehe, mwanangu. Nimeliamini sanduku, sikukuamini wewe."

Nikamwambia yamepita, Mama, na thawabu za saumu ziko pale pale. Akatikisa kichwa, machozi yanamtoka, na nikambusu mkono. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na saba, na nilijiona nimerudi kuwa mtoto wa kuaminiwa.

Watoto wa leo hawatapata adhabu ile, na nashukuru kwa hilo. Kila mmoja ana kitu chake mkononi, akibishiwa anakitoa, anaonyesha, mabishano yamekwisha kabla chai haijapoa. Hakuna anayeapa, hakuna anayefunga. Lakini pia hakuna anayemkimbilia mwenzake mlangoni kumhadithia, na hakuna mama anayeketi na miwani kutazama katuni ya mtoto wake kwa sababu ya neno lake. Wangu mimi kila mmoja ananionyesha kioo cha simu, nasema nimeona, basi. Hajawahi kuniomba nimwamini.

Jioni ile ya diski Nasra alituwekea chai, na Mama, ambaye hakuwa ametulia, akanitazama kwa pembeni.

"Khalfan. Ile sahani yangu ya Kichina, aliyonipa marehemu mama yangu Unguja. Ulinambia paka wa jirani kaivunja. Nami sikukuamini na hiyo. Nimekudhulumu pia?"

Nasra akainamisha uso kwenye kikombe. Siku ile ningesema paka, Mama angeniamini, na angenililia kwa mara ya pili. Nikameza chai yangu.

"Hapana, Mama. Ile ni mimi. Kwa mpira."

Akanitazama juu ya miwani. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika magoti yake mabovu, nasi tukacheka naye.

"Masikini paka wa watu," akasema. "Wewe nilikwambia sikuamini, na huku yeye nikimmwagia maji mwaka mzima."