Usiku Mmoja wa Tirano

Dada yangu hakuwahi kuniomba kitu mpaka mwaka ule alioamua kurudi nyumbani kabisa. Alikuwa amefanya kazi ya uuguzi Doha miaka kumi na mmoja. Mimi alinileta akiwa katika mwaka wake wa saba, nikapata kazi ya mapokezi kwenye kliniki ya meno huko Abu Hamour, na tangu hapo tukaishi chumba kimoja Al Mansoura, sisi wawili na mwanamke mmoja Mganda aliyefanya kazi hotelini. Vitanda vitatu, dirisha moja, na dirisha lenyewe linatazama ukuta wa jirani.

Alichoniomba ni safari ya treni.

Wodini kwake kulikuwa na mzee aliyelazwa majuma mengi. Mzee huyo alishinda akitazama kwenye tableti yake treni nyekundu inayopanda milima ya Uswisi na kushukia Italia. Dada akienda kumbadilishia dripu aliiona ikiingia kwenye daraja la mawe linalozunguka kama pete.

"Nimeiona ikiingia hapo labda mara hamsini," alituambia Ijumaa moja tulipotoka kanisani, maana Doha Ijumaa ndiyo siku ya mapumziko. "Kabla haijatoka, kitanda kingine kinalia kengele. Mimi nataka kukaa ndani ya hiyo treni nikunje mikono, na hakuna mtu wa kuniita. Mimi na huyu mdogo wangu. Halafu niende nyumbani nikaolewe, nizeeke."

"Uolewe na nani?" Mganda akauliza.

"Wewe shughulika na mashuka ya wageni wako."

Tulicheka. Kisha akanigeukia, na sauti yake ikawa ile ya kunituma dukani nilipokuwa mdogo. "Wewe ndiye wa mtandao. Panga. Mimi nitabeba mkoba tu."

Niseme ukweli kuhusu mimi kabla sijaendelea. Shule yangu iliishia kidato cha nne. Kompyuta nilijifundisha kwa simu, na Kiingereza cha ofisini nilikiokota kwa kusoma barua pepe za watu wengine na kuziiga. Mtu aliyefundishwa darasani kuna siku aliambiwa amepita, aende nyumbani. Mimi hakuna aliyewahi kuniambia hivyo, kwa hiyo sijui kitu kinatosha lini. Nikiandika ujumbe wa mistari miwili wa kumkumbusha mgonjwa kuja kung'olewa jino, nausoma mara sita. Wenzangu kazini huniita mtu makini. Ninachokijua mimi ni kwamba naogopa.

Basi nilipanga. Asubuhi kabla kliniki haijafunguliwa na mchana wakati wa chakula, nilipanga. Baada ya miezi miwili nilikuwa najua mambo ambayo hayana faida kwa mtu yeyote Al Mansoura. Nilijua kwamba ukitoka Zurich kwenda Chur unakaa kushoto ili uone ziwa, na ukitoka Chur kwenda Tirano unakaa kulia. Nilijua kwamba behewa lenye vioo hadi kwenye paa lina kiti cha kuhifadhiwa mapema, lakini vioo vyake havifunguki, na picha zake hutoka na kivuli cha uso wako mwenyewe. Nilitazama video ya safari nzima iliyopigwa kutoka kiti cha dereva, nikaandika kila handaki linaanza dakika ya ngapi, ili dada asije akafungua soda wakati wa bonde zuri.

Mpango wa kwanza ulikuwa mzuri, na nasema hivyo bila kujipendelea. Usiku miwili Zurich, usiku mmoja Chur, hukohuko Uswisi, tupande treni nyekundu hadi Tirano, mpakani upande wa Italia, tuunganishe siku hiyohiyo hadi Milan, tulale huko usiku miwili, turudi Doha. Viza moja ilitosha nchi zote mbili, nami nikapata miadi ya kuiomba kwenye dirisha la Uswisi. Kupata miadi majira yale ni kama kuotea embe la kwanza kudondoka: unaamka, unakuta wenzako wameshapita. Nilifungua ule ukurasa siku kumi na nane mfululizo mpaka tarehe moja ikajitokeza. Dada naye alikuwa amebadilishana likizo na muuguzi mwenzake mwenye watoto, na mkuu wa wodi akaweka sahihi huku akimwambia, "Khalas, hii haibadiliki tena." Mwezi uliofuata likizo hiyo mkataba wake ulikuwa unaisha na ukaazi wake unafutwa. Ama wiki ile, ama basi.

"Umemaliza?" aliniuliza.

"Bado kidogo."

"Nini imebaki?"

"Vitu vidogo vidogo tu."

Kilichobaki ni ziwa la Como, ambalo treni ya Tirano kwenda Milan hupita kando yake. Niligundua kwamba kwa mpango wetu tungelipita saa ambayo jua limelala upande wa madirisha yetu, tuone mng'ao mtupu. Msafiri mmoja alikuwa ameandika kwamba ziwa lile ni la asubuhi. Niliisoma sentensi hiyo nikashindwa kula chakula changu. Nikaanza kuhamisha. Nikaondoa usiku wa Chur, nikaweka usiku mmoja Tirano, ili tulale pale mpakani tuamkie ziwa likiwa na mwanga mzuri. Nikabadilisha hoteli, nikabadilisha tiketi, nikachapa upya, nikapanga karatasi kwenye jalada lenye vitenganishi vya rangi. Dada sikumwambia. Nilitaka aamke Tirano ashangae.

Siku ya miadi alitoka zamu ya usiku moja kwa moja, bado ana alama ya barakoa puani. Dirishani alikaa mwanamke mpole mwenye kalamu nyekundu. Alichukua barua za kazini, taarifa za benki, bima, picha, akiweka alama ya pata pata pata, na mimi nikawa naisikia kila alama mwilini kama mtu anayepigwa pasi. Akafika kwenye hoteli. Kalamu ikasimama. Akahesabu, akarudia kuhesabu.

"Madam, Uswisi mnalala usiku miwili. Italia usiku mitatu."

"Ndiyo," nikasema, na nilisema kwa fahari.

"Basi hii ni ya Italia. Unaomba kwa nchi unayolala zaidi. Hapa ni Uswisi."

Nilikuwa naijua sheria hiyo. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Niliisoma wiki ya kwanza, nikaiandika, nikaipigia mstari. Lakini nilipokuwa nauhamisha ule usiku nilikuwa nafikiria jua, na miadi ilikuwa imeshawekewa alama ya kumalizika kwenye jedwali langu la safari.

Nikaanza kumweleza kuhusu mwanga. Kwa kweli nilifanya hivyo. Nilimweleza mtumishi wa viza, huku watu wamepanga foleni nyuma yangu, kwamba ziwa la Como ni la asubuhi.

Dada akanishika mkono. "Anataka nini? Tumpe anachotaka."

Yule mwanamke akaangalia saa ukutani. Ilikuwa saa tano kasoro. "Rudisheni usiku mmoja Uswisi. Mrekebishe fomu, mchape hoteli, mniletee mimi mwenyewe. Nafunga saa saba kamili."

Saa mbili nzima. Naandika kwa maneno ili niione.

Chini ya jengo lile kulikuwa na duka la kuchapa karatasi na kijumba cha chai ya karak. Dada akanunua vikombe viwili, akaketi, akavua viatu. Nikafungua simu. Hoteli yetu ya kwanza ya Chur ilikuwa imejaa. Zilikuwepo nyingine nne. Moja iko kando ya barabara yenye kelele. Ya pili, mtu alilalamika kuhusu kengele za kanisa. Ya tatu ilikuwa karibu na stesheni, safi, lakini dirisha lake linatazama maegesho ya magari.

"Chukua hiyo," dada akasema.

"Inatazama magari."

"Nitafunga pazia."

"Ngoja dakika moja."

Kisha nikaona kwamba nikipunguza usiku mmoja wa Milan badala ya kuufuta ule wa Tirano, hesabu inakubali: mitatu Uswisi, miwili Italia, na ziwa letu linabaki la asubuhi. Nilifurahi kama mtu aliyeokota pete. Ila treni nyekundu ingebidi isogee siku moja mbele, na siku hiyo viti vya kulia vilikuwa vimekwisha. Vimebaki vya kushoto tu.

Nikawa nafungua ukurasa na kuufunga, nikitumaini mtu mmoja huko duniani aghairi safari yake.

"Tuko saa sita na robo," dada akasema.

"Najua."

"Mdogo wangu, hata tukae chooni. Chapa."

"Si umesema unataka kuona daraja?"

"Nimesema nataka kwenda."

Nikaufungua tena ukurasa. Nilikuwa nimeshasikia kila alichosema na hakuna kilichoingia. Nikamwona amelaza kichwa ukutani, amefumba macho, na badala ya kunihurumisha, usingizi wake ulinipa nafasi. Nikafikiri: vizuri, amelala, hanisukumi. Nataka kuacha sentensi hiyo hapa ilivyo kwa sababu ndiyo ya kweli kuliko zote.

Saa saba kasoro dakika kumi na mbili nikakubali kushindwa. Nikachukua viti vya kushoto, nikachukua hoteli ya magari. Kwenye duka la kuchapa kulikuwa na mtu mbele yangu aliyekuwa na pasipoti za familia nzima, kila ukurasa nakala mbili. Nilimwomba anipishe, akakubali, mashine ikameza karatasi. Nikaipanda ngazi nikikimbia, dada nyuma yangu ameshika viatu mkononi.

Mlangoni alisimama mlinzi, na aliposikia tukisemezana huku tunahema, akatuambia kwa Kiswahili cha kwetu. "Pole sana, dada zangu. Wamefunga."

"Ni yule mama wa dirisha la tatu. Ametuambia tumrudishie yeye mwenyewe."

"Alisimama pale mpaka saa saba na dakika tano. Nilimwona anaangalia mlango." Akatutazama, akanitazama mimi na jalada langu. "Si mngekuja hata bila hiyo faili, aki ya Mungu. Hapa wakifunga wamefunga."

Miadi iliyofuata ilikuwa wiki tano mbele, likizo ikiwa imeshapita. Upande wa Italia haikuwepo kabisa.

Tulirudi kwa metro. Tulikaa tukitazama ukuta mweusi wa handaki. Dada akavaa viatu vyake polepole, kimoja kisha kingine, akaniuliza, "Na hapa tuko upande mzuri?"

Nilicheka kwanza, nikidhani amenisamehe. Hakucheka.

Jioni hiyo alimpigia simu yule muuguzi mwenye watoto akamrudishia likizo yake. Nilimsikia akisema, "Hapana, hakuna tatizo, mipango imebadilika tu." Mimi likizo yangu kliniki ilikuwa imeshapitishwa, na mwenye kliniki hakutaka kuigusa. Kwa hiyo wiki ile, ile yenyewe, dada aliamka saa kumi na moja akaenda wodini, nami nikabaki chumbani bila kazi. Siku ya tatu, ambayo tungekuwa milimani, Mganda alirudi kutoka hotelini akanikuta nimefungua jedwali, narekebisha.

"Banange! Unarekebisha nini sasa? Hiyo maiti?"

"Nilikuwa naangalia tu nilikosea wapi."

"Ulikosea hapo," akasema, na kidole chake hakikuelekea kwenye simu, kilinielekea mimi. Kisha akaona uso wangu, akaenda kuchemsha chai.

Sijawahi kumwomba dada msamaha vizuri. Nilijaribu mara mbili, na mara zote mbili niliandika kwanza, nikasahihisha, na nilipokuwa tayari alikuwa amelala au ameondoka. Yeye hakunigombeza. Alinipikia, aliniuliza kama nimekula, aliniita mdogo wangu kama kawaida. Kilichopungua kilikuwa kidogo sana hata singeweza kumlalamikia mtu. Aliacha kuniuliza mambo. Maboksi ya mizigo yake alimwita Mganda wayafunge pamoja. Barua ya kuacha kazi aliiandika mwenyewe, na niliiona mezani ina makosa matatu. Karatasi za ukaazi alizifuatilia peke yake siku yake ya mapumziko, akasimama kwenye foleni ambayo mimi ningeweza kuimaliza kwa simu nikiwa nimeketi.

Wiki ya mwisho alirudi na tiketi ya ndege. Aliikata kwa wakala wa mtaani, pale kona, karatasi imekunjwa mara nne. Akaiweka juu ya kitanda akaingia kuoga. Niliikunjua. Ilikuwa inapitia mji mwingine, na angesubiri huko kwa muda wa saa tisa kwenye viti vya chuma, na miguu yake ile ya wodini. Kulikuwa na ndege ya moja kwa moja siku hiyohiyo. Nililijua hilo bila kuangalia.

Alitoka bafuni akanikuta nimeishika. Akasimama na taulo kichwani, akanitazama kama mtu anayengoja mvua anayoijua.

"Haya, sema," akasema.

"Ni nzuri," nikamwambia.

Akaichukua mkononi mwangu, akaikunja tena mara nne, akaitia kwenye pochi. Mganda akajitolea kumsindikiza uwanjani, na dada akasema sawa, Mganda peke yake anatosha.