Wavu Mmoja, Mabwawa Matatu

Kamba walikuja ukingoni wenyewe, kama mashahidi walioitwa.

Usicheke. Kamba mzima hukaa chini, humwoni mpaka umvue. Asubuhi ile wa bwawa la pili walikuwa wamejipanga kandokando, wamelegea, chakula cha jana hawajakigusa. Nikamwokota mmoja. Gamba lake lilikuwa na madoa meupe, kama amerushiwa chokaa.

Nikamwita shemeji.

Shemeji ni mume wa dada yangu. Ndiye aliyenitafutia kazi kwenye shamba lile la kamba, na kwa kuwa mimi nilimwita hivyo, kambi nzima ikamwita hivyo. Alimgeuza yule kamba kiganjani.

"Leo hatutoki humu," akasema.

Kweli. Kabla ya adhuhuri geti lilikuwa na mnyororo. Daktari wa mifugo, mama mfupi mwenye buti nyeupe, akatueleza kuwa ni virusi. Mtu havimdhuru, lakini bwawa zima huweza kufa kwa siku chache, na hata tope la kwenye buti laweza kuvihamisha. Hatoki mtu mpaka ajue vimeingilia wapi.

Siku ya nne bwawa la tano likafa. Siku ya sita, la saba.

Tulikuwa watu kumi na mmoja kwenye chumba kimoja cha mabati, harufu ya klorini mpaka kwenye mto. Chakula kilipitishwa juu ya uzio kwa ndoo. Mchana tulizoa mizoga na kuifukia kwenye chokaa. Hata pa kwenda kununia hapakuwepo.

Watu wakifungiwa, hutafuta wa kumtafuna.

Wakampata shemeji. Wiki moja kabla, alinunua kamba sokoni akawamenya karibu na mfereji wa kuleta maji mabwawani. Alisema maganda aliyachoma. Nani amsikilize?

Sasa mimi, ndugu zangu, shule sikufika mbali, lakini mashairi nilijifunza mwenyewe, nikihesabu mizani kwa vidole huku narusha chakula mabwawani. Kambini waliniita Malenga, na jina hilo nililivaa kama taji. Waliponiomba nitie neno, ningeweza kukaa kimya.

Sikukaa.

*Kamba wetu wamekufa, muuaji twala naye,*
*Msimtafute mbali, ni shemeji, ndiye yeye.*

Walicheka mpaka vitanda vikalia. Kesho yake waliuimba wakizoa mizoga. Waliuimba akienda chooni. Mpishi akaacha kumpakulia. Msimamizi akatangaza kwamba geti likifunguka, shemeji atatoka na begi lake.

Yeye aliniambia tu, "Vina vimekaa vizuri."

Afadhali angenizaba kofi.

Dada akaja uzioni, mtoto mgongoni. Hakuruhusiwa kusogea, ikabidi apaze sauti.

"Mdogo wangu, niangalizie mume wangu. Maadamu uko naye, sina wasiwasi."

Nikatazama buti zangu.

Siku ya tisa daktari akatukusanya uani. Mkononi alikuwa na wavu wa bwawa la pili, ule wenye mpini mrefu wa kuvulia kamba wa kukagua. Kila bwawa lina wavu wake, na ni mwiko kuuhamisha.

Akasema maji ya shamba hupita la kwanza, la pili, la tatu. Ugonjwa ulikuwa umeruka: la pili, la tano, la saba. "Huu haukuja na maji," akasema. "Umetembea kwa miguu. Nyavu za la tano na la saba zina utando wa buibui. Na huu wa la pili umenasa mguu wa kaa. Kaa wa nje hubeba virusi hivi bila kufa. Nani alivua kaa kwa wavu huu?"

Nikaificha mikono mgongoni.

Mabwawa hayo matatu yalikuwa yetu wawili, mimi na shemeji. Wengine hawakujua kwamba kazi ya wavu nilikuwa nimemwomba aniachie yote. Nilitaka kusifiwa kwa kumaliza wa kwanza, na kubadilisha nyavu kunachelewesha. Kaa niliwavua mtoni kwa wavu huohuo, nje ya uzio, nikampelekea dada.

Shemeji aliwala kaa hao. Aliwala akasifu.

Akanitazama mara moja tu, halafu akainua mkono.

"Ni mimi, daktari."

Wote wakaguna, hawakushangaa. Mmoja akaanza kuuimba ule ubeti wangu, kwa sauti ya chini, wengine wakadakia.

Geti lilikuwa hatua thelathini tu. Ningenyamaza, lingefunguka. Lakini nilijiona nikiimbiwa hivyo maisha yangu yote, kila nikimwona dada.

Nikasimama, nikauimba kwa nguvu kuliko wote. Sikugusa kina. Nilibadilisha neno moja.

*Msimtafute mbali, ni malenga, ndiye yeye.*

Shemeji akashusha mkono taratibu, kama mtu anayetua mzigo.

Siku geti lilipofunguka, aliyetoka na begi ni mimi. Yeye alibaki, na mpishi akampakulia wa kwanza.

Bado natunga. Ila siku hizi, kabla sijaliweka jina la mtu kwenye ubeti, nalijaribisha kwanza la kwangu. Mara nyingi, ndugu zangu, mizani haipungui hata moja.