Meza Ndani ya Wimbo

Mwalimu Njuga husikika kabla hajaonekana. Funguo zake huning'inia kiunoni kwenye kamba: za kabati, za stoo, za geti dogo, na nyingine ambazo hata mwenyewe hajui zinafungua nini. Kila akipiga hatua, zinacheka. Watoto wa chekechea wakizisikia zinakunja kona ya darasa la kwanza huacha lolote walilokuwa wakifanya, hata kulia, na kukimbilia mlangoni.

Darasa lake ni chumba cha mwisho, karibu na bomba la maji. Kuta zimepakwa kijani hadi usawa wa mkono wa mtoto, na juu ya hapo ni nyeupe, kwa kuwa uchafu wa watoto una kimo chake. Rafuni kuna ngoma za makopo ya maziwa, kayamba za chupa zilizotiwa vijiwe, vijiti vilivyopigiliwa vifuniko vya soda, na kengele moja ya baiskeli isiyo na baiskeli. Chini ya dirisha ipo meza ndefu ya mbao, imara, ambayo wote tuliosoma hapo tunaikumbuka kuliko tunavyokumbuka herufi.

Sauti ya mwalimu huyu si ya redioni. Ni pana, ina mikwaruzo, huanzia chini kuliko alivyokusudia na kuishia juu kuliko alivyotegemea. Lakini sijapata kumwona mtoto aliyeisikia akabaki ameketi. Asubuhi mtaani kwetu huanza pale sauti hiyo inapopasuka na wimbo alioutunga mwenyewe, mwaka wake wa kwanza kazini:

*Jua limeamka, limenawa uso,*
*Limechana nywele, limefunga leso,*
*Linabisha hodi mlango wa kwetu,*
*SHUKA MEZANI!*
*Twende tukacheze, watoto wenzetu.*

Mstari wa nne hakuutunga. Uliingia wenyewe.

Mwaka ule alikuwa na mtoto mdogo wa kiume na hakuwa na mtu wa kumwachia, akawa anakuja naye darasani. Mtoto alikuwa mtulivu mpaka wimbo ufike penye jua kubisha hodi. Hapo, kila siku, alipanda ile meza ndefu na kuanza kuhangaika na komeo la dirisha. Na kila siku mama yake, bila kukata mapigo, alimfokea: "Shuka mezani!" kisha akaendelea na wimbo. Watoto wengine hawakujua kama lile ni fokeo. Walidhani ni mstari wa wimbo. Wakaushika, tena wakaupenda kuliko yote, maana ndipo mahali pekee pa kupiga kelele kwa ruhusa.

Mwaka uliofuata alijaribu kuuacha. Hakufanikiwa. Wadogo walikuja wameshafundishwa na kaka na dada zao nyumbani. Basi wimbo ukakua na meza yake ndani. Tumeuimba sisi, wameuimba wanetu, na mtoto yule mpanda meza sasa ni fundi umeme mwenye ndevu, anayepiga kinanda kwenye sherehe siku za mapumziko.

Sasa, shule yetu ina Siku ya Muziki. Madarasa makubwa huimba jukwaani kwa kinanda na sare zilizopigwa pasi. Chekechea hukalishwa mkekani, mbele, kidole mdomoni. Kila mwaka Mwalimu Njuga aliomba wadogo wake nao wapande, angalau wimbo mmoja, na kila mwaka aliambiwa watavuruga. Safari hii akachoka kuomba. Aliwaambia watoto moja kwa moja kwamba wataimba. Watoto wakawaambia mama zao. Mama zao wakaanza kushona.

Mwalimu Mkuu alikuwa mgeni, bado hajamaliza mwaka kwetu. Ni mtu mfupi, nadhifu, anayependa kila jambo liwe kwenye karatasi yenye saa, na kwa sababu hiyo wazazi tulishambatiza Bwana Ratiba. Alimkuta Mwalimu Njuga penye bomba, akisuuza vikombe.

"Mwalimu, nasikia chekechea wanaimba."

"Nani kasema, mkuu?"

"Mama mmoja getini. Kaniuliza soksi ziwe nyeupe au njano."

Mwalimu Njuga alisuuza kikombe ambacho alikuwa ameshakisuuza. "Njano," akasema.

Bwana Ratiba akamtazama sana, halafu akashusha pumzi. "Haya. Niimbieni niusikie."

Wakamwimbia. Watoto waliimba mpaka mishipa ya shingo ikawatoka. Ulipofika mstari wa nne, Mwalimu Mkuu aliruka kidogo, akageuka kuitazama meza.

"Nani yuko mezani?"

"Hakuna mtu!" wakajibu watoto wote.

"Sasa anashuka nani?"

"Hakuna mtu!" wakajibu kwa furaha ile ile.

Alimvuta mwalimu pembeni. "Wimbo ni mzuri. Hilo fokeo liondoke. Likiondoka, mnapanda jukwaani. Likisikika hata mara moja, wadogo warudi mkekani, mwaka huu na miaka yote, na tusizungumze tena habari hii."

"Sawa, mkuu," alisema Mwalimu Njuga, na funguo zake kwa mara ya kwanza zikanyamaza.

Jaribu wewe kumnyang'anya mtoto wa chekechea kelele aliyopewa kwa ruhusa. Alijaribu kuuruka mstari. Wakapiga kelele zaidi ili wamkumbushe. Alijaribu kuweka "la la la" mahali pake, wakaimba "la la la" vizuri kabisa, halafu wakamalizia na "Shuka mezani!" Aliahidi kengele ya baiskeli kwa atakayenyamaza. Wote walinyamaza, isipokuwa binti mmoja, mdogo kuliko wote, tuliyemwita Kidonge. Huyo alianza kulia.

"Nini tena, mama?"

"Mwalimu," alisema Kidonge kwa kwikwi, "tusipomwambia, atashukaje?"

"Nani?"

"Yule wa mezani."

Darasa zima likapata hofu. Hawakuwa wamelifikiria hilo. Mtu wao wa mezani, peke yake huko juu, bila wa kumwambia! Wawili wengine wakaanza kulia, na wa tatu akalia kwa kuwa wenzake wanalia.

Ikawa bahati kwamba alasiri hiyo fundi umeme alikuja na kinanda begani, maana mama yake alimwomba awasindikize. Alikuta kilio kimetawala.

"Vipi, mama? Kuna msiba?"

"Wanakulilia wewe," alisema mama yake. "Waambie umeshuka."

Alipoelezwa, alicheka mpaka akaegemea mlango. Kisha alichuchumaa mbele yao, ndevu na yote. "Sikilizeni. Yule wa mezani ni mimi. Nilishashuka zamani sana."

Walimtazama kama mtu aliyetoka kitabuni. Mmoja akamgusa goti kuhakikisha.

Kidonge ndiye aliyeuliza. "Ulikuwa unafanya nini huko juu?"

Fundi alisita. Nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza. "Jua lilikuwa linabisha hodi," alisema. "Hakuna aliyekuwa anakwenda kulifungulia."

Mama yake aligeuka akaanza kupanga makopo ambayo yalikuwa yamepangwa. Mwaka ule wote alikuwa akimfokea mtu pekee darasani aliyeusikiliza wimbo.

"Basi hapo kwenye mimi," fundi alimuuliza akifungua kinanda, "nipige nini?"

"Usipige kitu. Hapo kimya."

"Yaani mmenifuta?"

"Tumekupumzisha, baba. Umekaa juu sana."

Ndipo Mwalimu Njuga akapata wazo. Hapo penye mstari wa nne kila mtoto ajizibe mdomo kwa kiganja, pa!, ahesabu kimoyomoyo, halafu aachie. Wakapenda. Ile *pa!* ilikuwa kelele nayo, tena ya mkono. Baada ya muda walikuwa wanaziba midomo kwa pamoja kama milango ya kabati moja, na wimbo ukabaki na kishimo kidogo safi katikati.

Siku ikafika. Ukumbi wa chakula ulijaa hadi madirishani. Wadogo walipanda jukwaani wakiwa na soksi za njano, wakipunga mkono kwa kila waliyemjua, na walimjua kila mtu. Mmoja alivua kiatu papo hapo kuangalia kama soksi ni ya njano hadi mwisho. Sisi wazazi tulisimama tuwaone, na tuliposimama, waliokuwa nyuma hawakuona kitu, akiwemo Mwalimu Mkuu aliyetaka kuwapiga picha za video. Alijaribu kunyanyua simu juu ya vichwa vyetu. Akapata visogo. Akazunguka pembeni kwenye meza ya chupa za maji, akatazama huku na huku, akapanda juu yake.

Mwalimu Njuga hakumwona. Macho yake yalikuwa kwa watoto. Alinyanyua mkono, fundi akabonyeza kinanda, na sauti zile ndogo zikatoka zote kwa mpigo, kila moja na njia yake, zikakutana mahali fulani juu ya vichwa vyetu.

*Jua limeamka, limenawa uso...*

Jirani yangu, muuza mkate, alikuwa anatikisa mabega. Askari aliyekuja na sare zake alikuwa anaimba chini ya sharubu. Hatukuwa na habari ya makubaliano yoyote. Sisi tulikuwa na wimbo wetu tu, ule ule, tuliojifunzia kando ya bomba la maji.

*Linabisha hodi mlango wa kwetu...*

Pa! Viganja vyote midomoni. Kishimo kikafunguka, safi, kimya, kama walivyofundishwa. Mwalimu Njuga akafumba macho kwa shukrani.

Na sisi, ukumbi mzima, muuza mkate, askari, maharusi wa juzi, kina mama wenye watoto mgongoni, tukajaza mapafu na kunguruma:

"SHUKA MEZANI!"

Mwalimu Mkuu akashuka. Hakushuka kwa kufikiri. Miguu ilishuka yenyewe, chupa mbili zikamfuata, na alipofika chini akasema, "Samahani," kwa watu wote.

Kwanza hatukuelewa. Halafu mtu mmoja akageuka, akaona meza, akaona chupa zinabingirika, akamwona Bwana Ratiba amesimama wima kama aliyeitwa ubaoni. Kicheko kilianzia hapo kikasambaa. Muuza mkate alinishika mkono akaniachia alama. Askari alivua kofia akajifunika uso.

Jukwaani watoto walikuwa bado wamejiziba midomo, macho yamewatoka, hawajui kama kuhesabu kumekwisha. Kidonge ndiye aliyeachia kwanza. Akamnyooshea Mwalimu Mkuu kidole.

"Mwalimu! Kumbe alikuwa bado hajashuka!"

Mwalimu Njuga ndiye pekee asiyecheka. Alikuwa amemwona sasa, na alikuwa anauona mkeka pale mbele ya jukwaa, umetandikwa, unangoja. Kicheko kilipungua safu baada ya safu, mpaka kikaisha.

Mwalimu Mkuu alinyoosha tai. "Mwalimu Njuga."

"Naam, mkuu."

"Tulikubaliana fokeo lisisikike."

"Ndiyo, mkuu." Sauti yake safari hii ilianzia chini na kubaki huko huko. "Watoto hawakusema."

"Nimewasikia. Watoto wamenyamaza vizuri sana." Alitugeukia sisi, akatutazama benchi kwa benchi, na sisi watu wazima tukatazama viatu. "Hawa je, nani aliwafundisha?"

"Mimi, mkuu. Wote."

"Wote?"

"Huyo askari alikuwa anauma wenzake."

Mdomo wa Mwalimu Mkuu ukaanza kumponyoka. Aliubana, ukaponyoka upande wa pili. Akaitoa karatasi yake ya ratiba mfukoni, akaitazama, akaikunja, akairudisha.

"Wimbo haujaisha," alisema. "Umebaki mstari."

"Ndiyo, mkuu."

"Sipendi kitu kiishie njiani. Rudieni kutoka mwanzo. Na nyinyi wadogo, toeni mikono midomoni, mtakosa hewa."

"Mama!" fundi aliita kutoka kwenye kinanda. "Sasa hapo kwenye mimi, nipige?"

"Piga!" alisema Mwalimu Njuga, na funguo zote kiunoni zikacheka pamoja. "Piga kwa nguvu!"

Akanyanyua mkono. Na jua lilipoamka mara ya pili, likanawa uso na kufunga leso, Mwalimu Mkuu alikwenda taratibu hadi kwenye ile meza ya pembeni, akasogeza chupa zilizobaki, akapandisha suruali kidogo magotini, akapanda, na akasimama pale juu, mikono nyuma, akingoja kushushwa.