Gauni la Kufungua Mbele

Yule fundi cherehani hana simile na mshono uliokwenda kombo. Hubana midomo, huupitishia kidole polepole, kisha huchukua wembe na kufumua, hata nguo ikiwa ya mgeni. Kesho anakatwa titi la kushoto hospitalini, na mkono hautainuka kwa muda. Basi dada yake na rafiki zake wawili wamemfukuza kwenye cherehani yake, wakamshonea gauni la kufungua mbele. Vifungo vimekwenda upande.

“Sema tu, tumeliharibu,” dada mtu akasema.

Fundi akabana midomo. Kidole kikapita mshono mzima. Wembe alikuwa nao karibu; akausukuma kando, akalivaa, akafunga mpaka shingoni.

“Baya kupita kiasi,” akasema. “Nikirudi nalifumua lote.”